Wiki ya kufuata vifo vya watoto wachanga kwenye vitabu vya zamani, London mpaka Huddersfield

Jumanne, Euston Road

Harusi ya binamu imeisha na bado nina siku kadhaa kabla ya kurudi Tanga. Kazi yangu kule ni kumbukumbu za hospitali, yaani vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, nani kazaliwa, nani kafa, kafa na nini, kwa iyo wenzangu wakati wanaenda kupiga picha Big Ben mi niliomba nielekezwe maktaba ya Wellcome Collection pale Euston Road. Hawa ndo wanatunza ripoti za madaktari wa afya wa wilaya za London kuanzia katikati ya karne ya 19 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni ripoti zaidi ya 5,000 na wameziskani, hata mtu yuko Korogwe na simu yake anazisoma bure. Lakini nilitaka kuzishika.

Kwa wasiojua, kila wilaya hapa ilikuwa na daktari wake wa afya, fikiria DMO wetu, mganga mkuu wa wilaya. Liverpool ndo walianza, 1847, wakamweka William Henry Duncan, halafu sheria ya 1855 ikazilazimisha wilaya zote za London ziwe na mtu kama huyo. Kazi yake sio kutibu. Anahesabu, anachunguza, anaandikia halmashauri ripoti kila mwaka: waliozaliwa, waliokufa, umri gani, ugonjwa gani, mtaa gani, halafu maji, vyoo, machinjio, maziwa, mikate, moshi wa viwanda, vyumba vya chini ya ardhi vinavyokaa watu. Nimeomba za Finsbury, moja ya wilaya hizo za London, za miaka ya 1900 hadi 1907 kwa sababu aliyeziandika ni George Newman, na Newman baadaye akawa daktari mkuu wa serikali, wizara ya afya ilipoundwa 1919.

Mama wa pale mapokezi kaniuliza natafuta nini hasa, nikamwambia natafuta namna walivyokuwa wanapata habari, maana jedwali lililojaa vizuri kila mtu anaweza kulisifia ila mi najua jedwali linaanzia kwenye mdomo wa mtu anayekuja dirishani kwako na taarifa.

Na hapo ndo nimekaa siku nzima. Usajili wa vizazi na vifo England ulianza Julai 1837, ila lazima yenye faini kwa wazazi na ndugu ilikuja na sheria ya 1874, na hiyo hiyo ikataka cheti cha daktari kinachotaja chanzo cha kifo. Kifo unatakiwa ukatoe taarifa ndani ya siku 5. Na anayezika anatakiwa apewe karatasi ya msajili au amri ya ofisa anayechunguza vifo vyenye utata, akizika bila hiyo lazima amtaarifu msajili, kwa iyo watu walikuwa wanakwenda. Kizazi je? Siku 42. Wiki 6 mtoto yuko duniani na serikali haina habari naye, na hakuna kinachomsukuma mzazi awahi.

Sasa weka hizo mbili pamoja. Msajili anampelekea daktari wa wilaya orodha ya vifo kila wiki. Mtoto kazaliwa Juni tarehe 3, kaharisha, kafa tarehe 20, baba yake anakwenda kusajili kifo, na hapo hapo inabidi asajili na kizazi, vyote dirisha moja siku moja. Kwa iyo mara ya kwanza daktari wa afya kusikia jina la huyo mtoto ni kwenye orodha ya marehemu. Nimeliona hili nikaacha kalamu chini kabisa, maana ni kitu tunaishi nacho sisi, mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi akafa wiki ya kwanza kwetu mara nyingi haonekani kabisa, hana tangazo la kizazi wala la kifo, hayupo.

Na kuna shimo kubwa zaidi. Mtoto aliyezaliwa mfu hakuwa anasajiliwa England mpaka Julai 1927. Hakuna. Maana yake hata aliyelia dakika mbili akanyamaza, ikiwa mkunga atasema "kazaliwa mfu", anazikwa bila kuingia kwenye hesabu yoyote, na mazishi yake yanakuwa rahisi zaidi kwa familia isiyo na hela. Kila nikiona kiwango cha vifo vya wachanga cha miaka ile najua ni cha chini kuliko ukweli. Kiwango chenyewe bado kinatisha: mwaka 1899 England na Wales, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 163 hawakufikisha mwaka.

Jumatano, Somers Town halafu Finsbury

Asubuhi nimevuka Euston Road kwa mguu nikaingia Chalton Street, ni karibu sana, pembeni ya maktaba ya taifa. Mtaa wa kawaida tu, vibanda vya chakula, watu wa kila aina, nimesikia Kisomali, Kibengali. Hapa mwaka 1907 wilaya ya St Pancras, daktari wake wa afya akiwa John Sykes, walifungua nyumba waliyoiita shule ya kina mama. Mama anakuja na mtoto, mtoto anapimwa uzito, daktari mwanamke anamwangalia, mama anafundishwa, lakini kilichonigusa ni chakula. Walikuwa wanampikia mama mjamzito na anayenyonyesha chakula cha mchana kwa bei ndogo sana, mfano huo waliuchukua Ghent, Ubelgiji. Sykes alikuwa ameshaona kwenye hesabu zake kwamba anayenyonya anapona na anayepewa chupa anakufa, sasa badala ya kumgombeza mama "nyonyesha!" wakajiuliza mama mwenyewe kala nini. Kwa kweli hawa walitumia akili. Wangapi leo wanabandika bango la kunyonyesha ukutani kliniki na mama aliyekaa chini ya bango hajala tangu jana.

Kutoka hapo nimepita King's Cross nikapandisha Pentonville Road nikashuka mpaka Rosebery Avenue, ambako bado kuna jengo la zamani la Finsbury Town Hall, zuri ajabu, halafu Exmouth Market, sasa hivi migahawa na kahawa za bei mbaya. Zamani hapa ni vyumba. Finsbury ya 1901 ilikuwa na watu 101,000 na ushee kwenye eneo dogo ambalo mi nimelitembea saa moja hivi, watengeneza saa, wachapaji, wabeba mizigo, Waitaliano wa kuuza ice cream kule Clerkenwell, familia nzima ndani ya chumba kimoja, kitanda kimoja, jiko hapo hapo, nguo zinaanikwa hapo hapo.

Nimeingia kituo cha historia cha Islington, kiko ndani ya maktaba ya Finsbury pale St John Street, nikakaa na jedwali moja la Newman ambalo jana nilikuwa nimelinakili kwa mkono. Ni la 1905. Amepanga vifo vya watoto chini ya mwaka kwa idadi ya vyumba familia inavyokaa:

Chumba kimoja, 219 kwa kila 1,000. Vyumba viwili, 157. Vitatu, 141. Vinne na zaidi, 99.

Ndani ya wilaya moja! Maji ya bomba yale yale, hewa ile ile, daktari yule yule. Na alichoweza kufanya Newman hakikuwa uchawi, sensa ya 1901 ilikuwa imeuliza kila familia inayokaa chini ya vyumba vitano ina vyumba vingapi, kwa iyo alikuwa na watu wa kugawanyia. Hili ndo watu wasio wa kazi hii hawalioni, kuhesabu waliokufa ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kujua walikufa kati ya wangapi, na hiyo nusu ya pili ndo ngumu. Ofisini kwetu naweza kukwambia watoto wangapi wamefia wodini mwezi uliopita, ila ukiniuliza kati ya wangapi waliozaliwa kwenye kata hizi nitakupa makadirio yaliyotoka kwenye makadirio.

Kitu kingine nimekaa nacho mchana wote ni wagonjwa wa kuhamia. Mtoto wa Finsbury akizidiwa anapelekwa hospitali ya Bartholomew, iko jirani tu lakini ni ndani ya mpaka wa City, eneo la katikati ya London lenye halmashauri yake, au ile ya watoto ya Great Ormond Street, ni wilaya ya Holborn. Akifia huko anahesabiwa wapi? Ukimhesabu pale alipofia, wilaya yenye hospitali kubwa inaonekana ni machinjio na wilaya anakotoka inaonekana salama. Kwa iyo walikuwa wanarudisha vifo nyumbani kwao, unakuta kwenye ripoti kiwango ghafi na kiwango kilichorekebishwa, na majumba ya maskini na hospitali za vichaa hivyo hivyo. Nimecheka peke yangu kwa furaha maana nimeshagombana sana kuhusu hili, hospitali ya rufaa inapokea mama aliyekaa barabarani masaa manne kutoka wilaya nyingine, anafia mapokezi, na kwenye kikao cha mkoa tunaulizwa kwa nini vifo vyenu viko juu.

Surua sasa. Tangu 1889 madaktari wa London walilazimishwa kutoa taarifa ya magonjwa ya kuambukiza, ndui, dondakoo, homa nyekundu ile ya skaleti, homa ya matumbo, taifasi na mengine, na daktari binafsi analipwa shilingi mbili na nusu kwa kila mgonjwa anayemripoti. Ila surua haikuwemo kwenye orodha, wala kifaduro, wala kuhara, na hivyo ndo vilikuwa vinazoa watoto. Ndui ilikuwa inatisha matajiri, ikahesabiwa mgonjwa kwa mgonjwa. Surua ilikuwa ni "ya watoto tu", ikajulikana kwa makaburi. Mi naamini orodha ya magonjwa ya kuripoti inakwambia serikali inamwogopea nani, na orodha ile ilikuwa haimwogopei mtoto wa chumba kimoja.

Jioni miguu imevimba. Mjomba kapika pilau, nimekula nikalala.

Alhamisi, Battersea

Treni mpaka Clapham Junction halafu mguu. Battersea ilikuwa ni wilaya ya vibarua na wafanyakazi wa reli na halmashauri yake ilikuwa na msimamo, mwaka 1903 walimaliza kujenga nyumba za Latchmere kwa mafundi wao wenyewe wa halmashauri, zipo mpaka leo, matofali mekundu, nimezunguka humo. Kata ya Latchmere ndo pia aliyochaguliwa John Archer kuwa diwani 1906, mzaliwa wa Liverpool, baba yake ametokea Barbados, na Novemba 1913 akawa meya wa Battersea, meya wa kwanza mweusi London. Nimesimama hapo nikajisikia vizuri, basi tu.

Nilichokifuata ni maziwa. Mwaka 1899 mji wa St Helens kule kaskazini walifungua kituo cha kwanza Uingereza cha kuuza maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya wachanga, wakiiga Fécamp, Ufaransa, ambako daktari Léon Dufour alianzisha kitu hicho 1894. Battersea wakafuata 1902, daktari wao wa afya George McCleary. Maziwa yanachemshwa, yanapunguzwa makali kwa maji, yanaongezwa krimu na sukari, yanafungwa kwenye chupa ndogo ndogo, kila chupa ni mlo mmoja, mama anachukua kikapu cha siku nzima na kurudisha chupa tupu. Mtoto anapimwa uzito.

Mkumbuke maziwa ya kawaida yalivyokuwa. Yanakamuliwa mashambani mbali, yanasafiri kwa treni, yanakaa dukani wazi, vumbi la kinyesi cha farasi na nzi juu yake, halafu nyumbani hakuna pa kuyaweka pa baridi. Maskini zaidi walinunua maziwa ya kopo yaliyotolewa krimu, matamu, yamejaa sukari na hayana kitu cha kumjenga mtoto. Na chupa ilikuwa na mpira mrefu kama drip, mtoto ananyonya mwenyewe amelala, ule mpira hauoshiki ndani, ni nyumba ya wadudu.

Vituo vya maziwa vilitoa takwimu nzuri sana, watoto wetu wamekufa wachache kuliko wilaya nzima, na hapa nataka niseme wazi kwamba takwimu ile ilikuwa na tatizo na wenyewe wengine walilisema. Nani aliyemudu kulipia maziwa yale kila wiki? Mwenye kazi ya uhakika. Na mtoto hafikishwi kituoni siku aliyozaliwa, anafikishwa baada ya wiki kadhaa, wakati wale dhaifu kabisa wameshakufa. Unalinganisha waliobaki na wote. Mi nimeshaona miradi kwetu ikitamba na hesabu ya namna hiyo hiyo, na walioandika ripoti sio waongo, ila hawakuuliza ni nani hakufika mlangoni.

Mchana nimevuka upande wa Lambeth. Kuanzia 1909 kundi la wanawake wa Fabian, chama cha wasoshalisti, waliwatembelea mama wa huku ambao waume zao walipata karibu paundi moja kwa wiki, miaka kadhaa, wakaandika kila senti inakwenda wapi, kodi, makaa, mkate, na hela ya bima ya mazishi. Nimewataja kwa sababu ripoti nyingi za madaktari, hata za Newman ninayemheshimu, zina mahali zinafika zinasema chanzo ni ujinga wa mama. Inanikera mpaka leo nikiisikia. Mama anapanda ngazi tatu na ndoo kwa sababu bomba liko uani, moja kwa nyumba nzima, ana watoto watano, mume hana kazi, na mtu aliyekuja na kofia anamwambia hajui kuosha chupa. Wale wanawake wa Lambeth waliweka hesabu mezani ikaonekana mama anajua kila kitu isipokuwa namna ya kufanya shilingi moja iwe mbili.

Ijumaa, ndani ya treni ya Leeds

King's Cross mpaka Leeds, joto, AC ya behewa letu mbovu, kila mtu anajipepea na gazeti. Imenifanya nisome tena habari za kuhara kwa kiangazi. Kulikuwa na daktari wa serikali anaitwa Edward Ballard, alichunguza kuhara kwa watoto akaona ugonjwa haupandi jua linapoanza kuwaka, unapanda kipimajoto kilichozikwa futi 4 ardhini kinapofika nyuzi 56 za Fahrenheit, kama 13 na kidogo za Celsius. Yaani mpaka joto lizame. Baada ya hapo madaktari wa wilaya wengi wakawa wanafukia vipimajoto na kuandika nyuzi za ardhi kwenye ripoti pembeni ya vifo vya wachanga, na ukiziangalia zinapanda pamoja. Kwa nini, walibishana sana, wengine walisema hewa ya udongo, wengine nzi. Kiangazi cha 1911 kilikuwa cha moto kupita kawaida na kiwango cha vifo vya wachanga kikaruka hadi 130 kwa 1,000 wakati mwaka uliotangulia kilikuwa 105, halafu 1912 kukawa na kiangazi cha mvua na baridi, kikashuka 95. Ukisoma ripoti ya 1912 kila mtu anajipongeza. Mvua nayo ilistahili kutajwa.

Dada kanipokea stesheni. Ni nesi hapa miaka mingi.

Jumamosi, Huddersfield na Longwood

Dada alikuwa off, tumekwenda wote. Treni sio mbali kutoka Leeds, unashuka kwenye stesheni yenye nguzo kubwa kama ikulu, mbele uwanja na sanamu ya Harold Wilson, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Mji wa viwanda vya sufu, mawe meusi meusi kwa moshi wa zamani. Tukachukua basi kupandisha Longwood, ni kitongoji mlimani, nyumba za mawe zimepangana zinashuka bondeni na viwanda vya zamani chini, vingi sasa ni flati.

Hapa ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Mwaka 1904 Benjamin Broadbent alichaguliwa meya wa Huddersfield, na akatoa ahadi: kila mtoto atakayezaliwa Longwood ndani ya mwaka mmoja, kuanzia tarehe 9 Novemba 1904, siku ya kuzaliwa ya mfalme, akifikisha umri wa mwaka mmoja atalipwa paundi moja. Wazazi walipewa kadi ya ahadi hiyo. Paundi moja ilikuwa karibu mshahara wa wiki wa kibarua. Walizaliwa watoto 112, waliofikisha mwaka ni 107.

Watu wanaisimulia hii kama habari ya tajiri mwenye huruma, na huruma ilikuwepo. Mi nikiitazama kwa macho ya kazi yangu naona kitu kingine. Ili umpe mtu kadi ya paundi lazima ujue mtoto wake kazaliwa, na ujue mapema, sio baada ya wiki 6. Ile paundi iliwafanya wazazi wa Longwood watoe taarifa, na kadi ikampa mwanamke wa kamati sababu ya kugonga mlango, kukaa, kuuliza mtoto ananyonya au anapewa nini, kurudi wiki inayofuata. Hela ililipwa mwishoni. Kilichofanya kazi kilitokea siku za mwanzo.

Broadbent na daktari wa afya wa mji, S. G. Moore, hawakuishia kwenye kitongoji. Walianza kuwalipa shilingi moja wanaoleta taarifa ya kizazi haraka, halafu wakaenda bungeni kuomba sheria yao wenyewe ya mji, wakaipata 1906, taarifa ya kila kizazi ndani ya masaa 48 na ni lazima. Wakaajiri madaktari wawili wanawake wa kufuatilia hizo nyumba, na chini yao wanawake wa kujitolea mtaa kwa mtaa. Daktari anakwenda mara ya kwanza, anayejitolea anaendelea, mtoto akiugua anarudishwa kwa daktari wa familia. Mnaona mpangilio? Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huyo, miaka zaidi ya 100 nyuma.

Mwaka uliofuata, 1907, bunge likatunga sheria kwa nchi nzima, masaa 36, baba au yeyote aliyekuwepo kwenye uzazi apeleke taarifa kwa maandishi kwa daktari wa afya wa wilaya. Sio kwa msajili, kwa daktari. Na wakaweka kifungu kwamba ni kila mtoto aliyefikisha wiki 28 tumboni, awe hai au mfu, kwa iyo wale waliokuwa hawahesabiwi wakaanza kuonekana angalau kwenye meza ya daktari, miaka 20 kabla msajili hajaanza kuwaandika. Madaktari binafsi walipiga kelele sana, mnatupa kazi na faini ya shilingi 20 juu yake na hamtulipi chochote. Na kila halmashauri iliachiwa iamue yenyewe kama itaitumia hiyo sheria au la, mpaka 1915, vita imeshaanza na vijana wanakufa Ufaransa, ndo ikawa lazima kila mahali.

Dada kaniuliza kama ndo kweli hiyo ilipunguza vifo, maana yeye anajua siku hizo hizo mabomba yaliongezeka, vyoo vya maji vikachukua nafasi ya ndoo, familia zikaanza kuzaa watoto wachache, magari yakaanza kuondoa farasi na kinyesi chake. Nikamwambia siwezi kukata fungu la kila kimoja na hata waliokuwepo hawakuweza. Ninachoweza kusema ni kwamba kabla ya taarifa ya mapema hapakuwa na mtu wa afya aliyeweza kufika kwa mtoto akiwa hai isipokuwa mama mwenyewe amlete, na maskini kabisa ndo hawakumleta.

Tumepanda mpaka Nab End, kuna mnara mfupi wa mawe uliojengwa na wanaume waliokosa kazi 1861, upepo mkali, unaona bonde lote. Dada kachoka tukashuka kunywa chai.

Jumapili, Leeds

Mvua. Jirani ya dada ni mama wa Mombasa, kajifungua mwezi uliopita, tumekwenda kumpa hongera na kanga. Kumbe muuguzi wa kutembelea nyumba alishafika kwake mtoto akiwa na siku kumi na kitu, hakuitwa, alikuja mwenyewe, maana mkunga wa hospitali akishazalisha taarifa inakwenda. Kampima mtoto, kamuuliza mama analalaje, anakula nini, nani yuko nyumbani anamsaidia, na kuna kitabu chekundu cha mtoto kila kitu kinaandikwa humo, mama ndo anakaa nacho. Nimekifungua ukurasa kwa ukurasa, yeye ananishangaa, anasema "kaka hicho si kadi ya kliniki tu?" Nikamwambia ndiyo dada yangu, ila nataka kuona aliyekuja kwako aliambiwa na nani, na siku ya ngapi. Kasema hata yeye hakujua aliambiwa na nani, alifungua mlango tu.

Usiku nimekaa na dada mezani tumechora njia ya taarifa kwetu. Aliyezaliwa hospitalini anapewa tangazo pale pale, huyo sawa, na siku hizi vyeti vya watoto chini ya miaka mitano vinatolewa mpaka vituo vya afya na ofisi za kata, ni hatua kubwa na naiheshimu. Aliyezaliwa nyumbani inabidi mzazi aende kwa mtendaji, na anakwenda akihitaji cheti, yaani shule, yaani mtoto ameshapona hatari yote. Aliyekufa wiki ya kwanza nyumbani anazikwa nyuma ya nyumba siku hiyo hiyo, hakuna karatasi ya makaburi ya kumlazimisha mtu. Kwa iyo sisi tatizo letu limepita lile la Newman, yeye alimjua mtoto siku ya kuzikwa na sisi hata siku hiyo hatumjui.

Dada kauliza nikirudi naanza na nini. Nimesema naanza na watendaji wa mitaa inayozunguka hospitali, niwaombe daftari la mtaa, na wahudumu wa jamii waniambie akina mama waliokuwa wanawajua ni wajawazito, niende jina kwa jina na rejista yetu ya wazazi, nione nani hakuonekana popote, halafu nipeleke kwa DMO. Mwezi mmoja wa majaribio tu. Kasema hapana, chukua miwili, mmoja wa masika na mmoja wa kaskazi, maana ukichukua mmoja watakwambia ni hali ya hewa.